Mbwa kanenepa: tafuta chanzo kabla ya kumpunguzia chakula

Mbwa wengi wanene ninaowaona mijini wanaishi maisha yanayofanana. Usiku wanalinda, mchana wamefungiwa bandani. Wanakula ugali, mabaki ya jikoni na chochote kinachodondoka mezani. Mwenye nyumba akimtazama mbwa wake alivyojaa anaona katunzwa vizuri, na jirani anamsifia kwamba yule akikukamata huponi. Hakuna anayeshtuka mpaka siku mbwa anaposhindwa kuruka ndani ya gari, au anapolala katikati ya njia na kukataa kuinuka.

Unene kwa mbwa ni ugonjwa. Unaharibu magoti na nyonga, unambana pumzi, unamfanya ashindwe kuvumilia joto, na unamfupishia maisha. Habari njema ni kwamba mara nyingi unatibika pale pale nyumbani, mradi ujue umetoka wapi. Malalamiko yaliyo hapa chini nimeyaandika kama wenye mbwa wanavyoyasema. Chini ya kila moja nimeanza na sababu inayotokea zaidi, halafu zile za nadra. Nenda kwenye lalamiko linalofanana na lako, ila sehemu ya kwanza asiiruke mtu.

Jambo moja kabla ya yote: mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto wa mbwa anayekua, au mbwa anayechomwa sindano za insulini hapunguziwi chakula bila daktari wa mifugo. Na kama una paka mnene, usimfanyie haya. Paka mnene akikaa siku chache bila kula vizuri ini lake linaweza kujaa mafuta akafa.

"Sina hakika kama ni mnene kweli"

Macho yanadanganya, hasa kwa mbwa wa manyoya mengi kama German Shepherd. Tumia vidole.

Kunja ngumi, kisha pitisha kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo. Mifupa imechomoza. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, upitishe kidole juu ya mgongo wa mkono. Unaigusa mifupa bila kubonyeza, lakini haijachomoza. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Mwisho geuza kiganja juu, upapase nyama iliyo chini ya vidole. Mfupa upo, ila lazima ubonyeze ndipo uupate. Mbavu za mbwa wako zikiwa namna hii, amenenepa. Zikiwa hazipatikani hata kwa kubonyeza, amenenepa sana.

Kisha simama juu yake umtazame mgongoni. Nyuma ya mbavu panatakiwa paingie ndani kidogo, pawe na kiuno. Mtazame pia ubavuni: tumbo linatakiwa kupanda kuelekea miguu ya nyuma. Papasa shina la mkia. Mafuta yakianza kulundikana pale kama mto mdogo, yameshajaa na kwingine.

Madaktari wa mifugo hutumia alama kutoka 1 hadi 9. Mbwa mwenye afya yuko kwenye 4 au 5, na kila alama juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya uzito uliozidi, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa hiyo mbwa wa alama 7 mwenye kilo 31 alipaswa kuwa na kilo 25 hivi. Hiyo 25 iandike mahali. Ndiyo uzito wa lengo, na hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Kumpima ni rahisi kama unaweza kumbeba: panda mizani naye, shuka umweke chini, panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa mpeleke kliniki ya mifugo, au omba mizani ya magunia kwenye duka la nafaka. Tumia mizani ile ile kila mara, na umpime kabla hajala.

Wapo wanaosema, "Ni mnene kidogo tu, mwache." Kuna Labrador 48 waliofuatiliwa Marekani tangu utotoni hadi kufa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waligawanywa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Nusu ya waliokula kidogo walifikisha miaka 13. Kwa wenzao, nusu waliishia kwenye miaka 11 na miezi kadhaa, na viungo vyao vilianza kuuma mapema zaidi. Wale walionenepa hawakuwa wanene wa kutisha. Walikuwa "wanene kidogo tu".

"Anakula mara moja kwa siku, mbona ananenepa?"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na karibu kila mara jibu liko ndani ya nyumba.

*Mikono mingi.* Keti na watu wote wa nyumbani, uliza kwa upole, usikilize. Mama anampa jioni tu. Dada wa kazi humpa ukoko wa ugali asubuhi, maana kutupa chakula ni dhambi. Mlinzi hugawana naye andazi saa tisa usiku ili wasisinzie wote wawili. Mtoto hudondosha chapati makusudi. Babu akija wikiendi anakuja na mifupa ya nyama choma kwenye mfuko. Hakuna anayesema uongo hapa. Kila mmoja anajua alichotoa yeye, na mbwa ndiye pekee anayejua jumla.

Dawa yake ni ndoo ndogo yenye mfuniko. Asubuhi mtu mmoja anapima chakula cha siku nzima na kukiweka humo. Yeyote anayetaka kumpa mbwa kitu anachota kwenye ndoo. Ikiisha, imeisha mpaka kesho. Njia hii inashinda kumkataza mtu, kwa sababu bibi anayempenda mbwa hakatazwi. Anaambiwa, "Bibi, ukitaka kumpa, chakula chake kiko kwenye ndoo," naye anaendelea kupata raha yake ya kulisha.

*Kipimo cha kukadiria.* "Bakuli moja" si kipimo. Bakuli la leo limejaa, la kesho lina kilima. Upawa wa mlinzi si upawa wa mama. Pima kwa mizani ya jikoni. Kama huna, mpelekee muuza duka chakula chako akupimie mara moja, ukimimine kwenye kopo, uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Kuanzia hapo ni mstari.

*Mafuta.* Wengi wanaomlisha mbwa ugali humwagia mchuzi au mafuta yaliyobaki kwenye kikaango ili apende. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Chapati moja ya kukaanga huvuka 200. Mbwa wa kilo 10 anayepunguza uzito anahitaji kama 390 kwa siku nzima, kwa hiyo chapati moja imekula zaidi ya nusu ya siku yake.

*Ugali mwingi, nyama kidogo.* Ugali unajaza tumbo haraka na njaa inarudi haraka, na protini ikiwa ndogo mbwa anapoteza misuli huku mafuta yakibaki. Unapopunguza, punguza ugali kwanza. Nyama, utumbo, dagaa au mayai yabaki.

*Anakula nje.* Jalala la jirani, chakula cha kuku, pumba za ng'ombe, bakuli la mbwa mwenzake. Kama una mbwa wawili, walishe kwa kutenganishwa, usimame hapo mpaka wamalize, uondoe mabakuli. Mbwa mkubwa anayemaliza upesi na kumsukuma mdogo nimemwona nyumba nyingi, na wenyewe wanadhani mdogo hana hamu ya kula.

Sasa hesabu. Chukua simu, fungua kikokotoo. Andika uzito wa lengo, uuzidishe kwa wenyewe mara mbili: 25 × 25 × 25 = 15,625. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara moja, unapata 125. Bonyeza tena, unapata 11.18. Zidisha kwa 70. Jibu ni 783, yaani kama kalori 780 kwa siku, zile zinazoandikwa kcal kwenye mfuko wa chakula. Mbwa wa lengo la kilo 20 hupata 660, wa kilo 30 hupata 900, wa kilo 40 hupata 1,110. Hicho ni kianzio kwa mbwa mzima anayepunguza uzito, na kila mbwa atakiyumbisha juu au chini.

Ukimpa chakula kikavu cha mfuko, soma kalori zake. Gramu 100 huwa na kati ya 330 na 400. Jedwali lililochapishwa kwenye mfuko ni la mbwa asiyepunguza uzito, na watu hulisoma kwa uzito wa sasa badala ya ule wa lengo. Makosa hayo mawili yakikutana, mbwa ananenepa huku mwenyewe akifuata maelekezo.

Ukimpikia, pima unga ukiwa mkavu. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, uusonge mgumu au uupike uji. Ukipima ugali uliokwisha kupikwa unapima maji. Kwa yule wa kalori 780 mfano wa mlo wa siku ni huu: unga gramu 100, utumbo uliosafishwa gramu 300 kabla ya kupikwa, dagaa wakavu gramu 30, na boga au kabichi ya kuchemsha gramu 150. Jumla inakuja kama 750, na zilizobaki ni za karoti ya kumzawadia. Mafuta usitie. Kitunguu maji na kitunguu saumu usitie kabisa, maana vinaharibu damu ya mbwa.

Chakula cha nyumbani kikipunguzwa, madini na vitamini navyo vinapungua. Mwambie daktari wa mifugo unachompikia, akushauri unga wa madini wa mbwa unaofaa. Hili watu hulipuuza, kisha baada ya miezi wanashangaa ngozi ya mbwa imepauka.

"Nimempunguzia, uzito hauteremki"

Kwanza, umempa muda? Kasi salama ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Yule wa kilo 31 anatakiwa apungue gramu 300 hadi 600 kwa wiki, na kilo 6 zake zitachukua wiki 10 hadi 20. Mbwa mkubwa aliyekunywa maji mengi kabla ya kupanda mizani anaweza kuificha wiki nzima ya kazi nzuri. Mpime kila baada ya wiki mbili, uandike.

Kama wiki nne zimepita na namba haijasogea, rudi kwenye ndoo. Kuna mkono mmoja haujasema. Mara nyingi ni mtu wa nje: muuza genge wa jirani, wanafunzi wanaopita getini na vipande vya mihogo. Uliza pia kuhusu vidonge. Wengi huvificha ndani ya soseji au mkate, na soseji hiyo haihesabiwi na mtu.

Ndoo ikiwa safi, punguza asilimia 10 ya chakula, usubiri wiki mbili nyingine. Alipungua vizuri kisha akasimama? Ni kawaida, kwa sababu mwili mdogo unatumia nguvu kidogo. Hapo pia punguza asilimia 10, au ongeza matembezi.

Ukishapunguza mara mbili kwa namna hiyo bila mafanikio, simama hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usiendelee kukata. Ama kuna ugonjwa, ama anahitaji chakula maalumu kilichotengenezwa ili kalori ziwe chache na virutubisho vibaki vingi.

Kinyume chake nacho kipo. Anayepungua zaidi ya asilimia 2 kwa wiki anapoteza misuli, mwongeze kidogo. Anayekonda haraka huku anakula vizuri na kunywa maji mengi huenda ana kisukari, naye asisubiri miadi ya mwezi ujao.

"Analia njaa, anatuamsha usiku"

Siku kumi za mwanzo ni ngumu, na hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Mbwa anakutazama, unahisi unamtesa. Lakini tofautisha njaa na mazoea. Mbwa aliyezoea kupewa kitu kila familia inapokaa mezani atalia saa ile ile hata akiwa ametoka kula. Ukimpa mara moja katika mara kumi, umemfundisha kulia mara kumi. Mtoe nje wakati wa mlo, au mfungie bandani na karoti nzima aitafune, familia ikimaliza afunguliwe.

Gawa chakula cha siku mara mbili au tatu badala ya moja. Ongeza ujazo usio na kalori nyingi: boga la kuchemsha, tango, kabichi, maharage machanga. Mbwa anayemeza bila kutafuna wekee jiwe safi katikati ya bakuli, kubwa kiasi kwamba haliingii kinywani, ale kwa kulizunguka. Chakula kikavu unaweza kukitawanya kwenye majani uani, akitafute kwa pua. Dakika tano za kunusa humtuliza mbwa wa ulinzi kuliko bakuli la pili.

Labrador wana lao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu mmoja kati ya Labrador wanne ana kasoro katika jeni iitwayo POMC, inayofanya ubongo usipate vizuri taarifa ya kushiba. Mbwa wa namna hiyo ana njaa ya kweli, na mwili wake unatumia nguvu kidogo akiwa amepumzika. Anaweza kupungua kama wengine, ila inabidi mapipa yafunikwe, jiko lifungwe, na watu wa nyumbani waelewe kwamba hana ulafi wa kuadhibiwa.

Njaa iliyoanza ghafla kwa mbwa aliyekuwa ametulia ni jambo jingine. Uliza kwanza: amechomwa sindano ya muwasho hivi karibuni? Sindano na vidonge vingi vya muwasho vina steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, na hizo huamsha njaa, kiu na mkojo mwingi. Dawa ya kifafa iitwayo fenobabitali hufanya vivyo hivyo. Usiache dawa hizi kwa ghafla. Steroidi za muda mrefu zikikatishwa zinaweza kumwangusha mbwa, na kifafa kilichoachiwa hurudi kwa nguvu. Zungumza na aliyeziandika.

"Hataki kutembea, anahema sana"

Hajazoea. Mwili mzito uliokaa bandani miaka miwili hauwezi kukimbia leo. Anza na dakika 10 kwa kamba, asubuhi na jioni, na kila wiki ongeza dakika 5. Wengi hudhani mbwa anayefunguliwa usiku anafanya mazoezi. Anazunguka uwanja mara moja, anakojoa kwenye nguzo, analala getini.

Joto. Mbwa hatoi jasho la maana. Anapoa kwa kuhema, na mafuta yanamziba. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kuanzia Desemba hadi Machi, mtembeze saa 12 asubuhi jua halijakaza, na jioni likishazama. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami. Ukishindwa kuhesabu hadi saba, nyayo zake nazo zitaungua.

Hatari: anahema bila kukoma, mate yamekuwa mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana au umepauka, anayumba, anatapika. Joto limempiga. Mwondoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee au washa feni, na akiendelea kupozwa hivyo mpelekwe kliniki upesi. Usimlazimishe kunywa. Usisubiri "apumzike kidogo".

Maumivu. Mbwa anayeinuka kwa shida asubuhi, anayeketi mguu mmoja ukiwa umenyooshwa pembeni, au aliyeacha kupanda ngazi, anaumwa nyonga au goti. Rottweiler, Labrador, German Shepherd na Boerboel wana tabia hiyo. Wakiwa wazito, kano ya goti hukatika hata kwa kugeuka ghafla. Mchanga laini wa pwani unachosha goti bovu. Maji ya bahari yaliyofika kifuani humbeba, akatumia misuli bila kuumia. Wakazi wa pwani tuna neema hiyo bure.

Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol ya nyumbani. Nasisitiza kwa sababu ni jambo la kila siku: mtu anamhurumia mbwa, anampa kidonge cha babu, na baada ya siku mbili mbwa anatapika damu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na daktari wa mifugo ndiye anayezitoa kwa kipimo.

Moyo na koo. Kukohoa usiku, kuzimia kidogo, ulimi au ufizi kuwa wa bluu: mazoezi yasimame siku hiyo hiyo, aonwe na daktari.

"Kanenepa tangu ahasiwe"

Ni kweli, na kunazuilika. Baada ya kuhasiwa dume, au jike kutolewa kizazi, mahitaji ya nguvu hushuka kwa asilimia 20 hadi 30 hivi huku hamu ya kula ikipanda. Kidonda kikishapona, punguza chakula kwa robo na umpime kila mwezi. Usiache kumhasi kwa kuogopa unene. Jike asiyetolewa kizazi yuko kwenye hatari ya kizazi kujaa usaha, ugonjwa unaotajwa hapa chini, na huo unaua.

"Tumbo kubwa, lakini mgongo umekonda"

Huyu si mnene. Usimpunguzie hata punje.

Mafuta hukaa mwili mzima: mbavuni, shingoni, kwenye shina la mkia. Tumbo likijaa peke yake huku uti wa mgongo na mbavu vikionekana, kuna kitu ndani. Kwa watoto wa mbwa huwa ni minyoo, na dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito huwasaidia wengi. Kwa mbwa mzima huenda ni maji tumboni, yanayoletwa na ini, moyo, au protini kushuka kwenye damu. Funua mdomo utazame ufizi. Ukiwa mweupe kama karatasi, na mbwa ana kupe, fikiria magonjwa ya kupe yanayomaliza damu, na umpeleke kliniki leo.

Jike asiyetolewa kizazi: mimba huchukua siku 63 hivi, kwa hiyo kumbuka alikuwa na joto, yaani siku za kutaka dume, lini. Akiwa alimaliza joto wiki chache zilizopita, amezubaa, anakunywa maji mengi, tumbo limejaa na labda anatoa usaha ukeni, kizazi kimejaa usaha. Usaha usipoonekana hali ni mbaya zaidi, maana umefungiwa ndani. Anahitaji upasuaji, si antibiotiki za dukani.

Dharura ya saa, hata usiku wa manane: tumbo limevimba ndani ya muda mfupi na kukaza kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila povu, hatulii, anatokwa mate. Tumbo limejaa gesi na huenda limejipinda. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye vifua virefu, hasa waliokula mlo mmoja mkubwa kwa pupa. Usimpe maziwa, soda wala mafuta. Piga simu kliniki ukiwa njiani.

"Hajaongeza kula, ila ananenepa, na manyoya yanatoka"

Hapa homoni zinahusika. Ni nadra kuliko watu wanavyotamani iwe, lakini zipo.

Mbwa wa umri wa kati anayenenepa, amekuwa mzito wa kila kitu, anatafuta jua hata asubuhi yenye joto, manyoya yanapungua ubavuni pande zote mbili bila kujikuna, na mkia umekuwa mtupu: huenda tezi ya shingoni, thairoidi, imelegea. Hupimwa kwa damu, na vidonge vya kila siku humrudisha kwenye hali yake vizuri sana.

Mbwa mzee mwenye kitambi kinachoning'inia, ngozi nyembamba kama ya kitunguu, njaa, kiu na mkojo usiokwisha, na anahema hata akiwa kivulini: huenda ana ugonjwa wa Cushing, mwili ukizalisha kotisoli nyingi kupita kiasi. Steroidi za muda mrefu huleta sura hiyo hiyo, kwa hiyo nenda na vifungashio vyote vya dawa alizowahi kupewa. Usimwanzishie dawa za homoni za binadamu kwa kukisia.

"Alipungua vizuri, amerudi kama mwanzo"

Tazama kalenda. Sikukuu ndizo zinazorudisha uzito: Idi, Krismasi, harusi ya nyumbani, msiba wenye wageni wiki nzima. Wageni hawaijui ndoo. Mpe mtu mmoja kazi ya kuwaambia, na siku ya pilau mbwa afungiwe mbali na masufuria. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuwasha kongosho, na mbwa mnene yuko karibu zaidi na balaa hilo: anatapika, anainamisha kifua chini huku makalio yakiwa juu, hataki kuguswa tumbo. Huyo ni wa daktari. Mifupa iliyopikwa nayo isimfikie, maana huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo.

Sababu ya pili ni safari. Umeondoka mwezi mmoja, mlinzi ameachiwa hela ya chakula cha mbwa na hakuachiwa kopo lenye mstari. Acha kopo, acha na namba ya uzito wake wa sasa imeandikwa ukutani bandani.

Sababu ya tatu ni kumrudishia chakula chote cha zamani mara tu alipofika lengo. Chakula kile ndicho kilichomnenepesha. Akifika kwenye uzito wa lengo, ongeza asilimia 10, mpime baada ya wiki mbili. Akiendelea kushuka, ongeza 10 nyingine. Akisimama, hicho ndicho kipimo chake kipya. Chora mstari mwingine kwenye kopo na ufute ule wa zamani. Kuanzia hapo mara moja kwa mwezi kwenye mizani inatosha, na vidole mbavuni kila unapomwogesha.